Kuonja hakutoshi: Jina la kileo liwe dhamana

Mjadala kuhusu vileo uliozuka nchini mwishoni mwa Julai 2025 ulinikuta nimerejea karibuni kutoka ng'ambo. Serikali ilikuwa imezindua sera mpya ya taifa kuhusu pombe na dawa za kulevya. Miongoni mwa mapendekezo yake, umri wa kuruhusiwa kunywa pombe ulipaswa kupandishwa kutoka miaka 18 hadi 21, na pombe isiuzwe tena katika supamaketi, kwenye mitandao wala kwa kupelekewa watu majumbani. Zogo lilikuwa kubwa hata NACADA ikalazimika kufafanua kwamba sera si sheria, na kwamba hakuna duka lililoamriwa kufunga rafu zake siku hiyo.

Niliufuatilia mjadala ule kwa hamu ya mtu ambaye kazi yake ni kuchunguza maneno. Waliounga mkono na waliopinga walikuwa na maswali mawili: nani anywe, na anunue wapi? Sikusikia swali la tatu, ambalo kwa maoni yangu ndilo lililostahili kutangulia. Kinachonywewa ni nini hasa, na neno lililoandikwa juu ya chupa lina uzito gani? Leo nataka kulijibu swali hilo kwa ushahidi wa chupa moja tu, tena ya bei nafuu.

Wapo wasomaji wangu ambao dini au hiari yao imewaepusha na kileo. Hao siwaiti kwenye kikombe. Nawaita kwenye lebo, ambako sote tuna haki ya kusoma.

Machi 2025 nilikuwa katika mji wa Leeds, kaskazini mwa Uingereza, kwa likizo ya utafiti. Mwenzangu mmoja, mwanahistoria mzaliwa wa Barbados, alinialika chakula cha jioni. Mgeni haendi mikono mitupu, nami mfukoni sikuwa na kitu cha kujivunia. Nikaingia katika supamaketi moja ya bei za chini nikanunua chupa ya ramu ya duka lenyewe kwa pauni 14.

Ninaposema ramu ya duka lenyewe nakusudia kitu ambacho hata hapa kwetu tumeanza kukizoea katika mikate na maji ya kunywa: bidhaa inayobeba chapa ya duka badala ya chapa ya kiwanda. Supamaketi haina shamba la miwa wala mtambo wa kukeneka. Huagiza ramu kwa jumla kutoka kwa wafanyabiashara wa kati, watu kama E&A Scheer wa Amsterdam, ambao hununua ramu za nchi mbalimbali na kuzichanganya kwa kadiri ya agizo la mteja. Kisha duka hubuni jina lenye harufu ya bahari, likachora merikebu au baharia mwenye ndevu, na kuipanga chupa kwenye rafu ya chini. Halina matangazo ya televisheni ya kulipia. Kwa hiyo bei huwa nafuu.

Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Wakasema pia kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa methali hizo mbili nilikuwa nimekwisha kuihukumu chupa yangu kabla ya kuifungua, na nilimkabidhi mwenyeji wangu huku nikiomba radhi. Alicheka, akasema kuwa mahakama haitoi hukumu kabla ya ushahidi. Akaleta chupa mbili zake. Moja ilikuwa ya chapa mashuhuri inayotangazwa kila mahali, ya pauni 22. Nyingine ilikuwa ya kwao Barbados, iliyokomazwa kwa miaka katika mapipa ya mwaloni, ya pauni 28. Tukakubaliana kuzionja zote tatu bila kujua ipi ni ipi.

Pamoja nasi alikuwako mwanafunzi wa uzamifu kutoka Kirinyaga, binti mtulivu asiyekunywa kileo. Yeye ndiye aliyepewa kazi ya kumimina kwa siri na kuandika alama. Tulitumia vikombe vyeusi vya kahawa, kwani rangi ya ramu hudanganya. Weusi wake si lazima utokane na umri; mara nyingi hutokana na karameli, yaani sukari iliyounguzwa, ambayo sheria inaruhusu itiwe kwa ajili ya rangi. Kila kikombe kilipewa alama mara tatu: harufu, ladha, na kile kinachosalia kinywani baada ya kumeza. Kila moja ilikuwa na alama 10.

Hapo mwenzangu akaniwekea sharti ambalo lilinifurahisha mno. Alinitaka nitoe hukumu yangu kwa Kiswahili kwanza, kisha nimfasirie, kwani alikuwa amechoka kusikia kila ramu ikisemwa ina vanila na tofi. Nikagundua kwamba lugha yetu imejaaliwa zana za kutosha kwa kazi hiyo, ila tumeziacha zishike kutu. Tunao ukali, uchungu, uchachu na utamu, ambayo kila mtoto huyajua. Tunao ugwadu wa embe bichi na ukakasi wa ndizi mbichi unaoufunga ulimi. Tunayo dufu, ladha isiyo na mbele wala nyuma. Kilichokolea tunakitofautisha na kilichopooza, na kinachowasha ulimi tunakitofautisha na kinachokereketa koo. Mwanafunzi anayeulizwa kuhusu chakula akajibu kwamba "kiko sawa" hajakosa hisia. Amekosa mwalimu wa kumrudishia maneno yake.

Kikombe cha kwanza kilinukia ndizi mbivu na mbao kavu. Kilipopita ulimini kilikuwa na utamu mdogo, kisha ukakasi wa mbali ambao bila shaka ulikuwa wa pipa, na baada ya kumeza harufu yake ilidumu kwa muda mrefu. Nilikipa 24 kati ya 30. Kikombe cha pili kilinukia sukari iliyoungua, na nyuma yake makali ya spiriti. Kilianza kwa utamu, kikawa dufu katikati, kikamalizia kwa kukereketa koo, kisha kikatoweka kana kwamba hakikupita. Nilikipa 13. Cha tatu kilikuwa ndugu wa cha pili, kitamu zaidi kidogo na chenye mwisho ule ule mfupi. Nilikipa 14, nikatangaza kwa uhakika kuwa hicho ndicho cha duka.

Nilikosea. Cha tatu kilikuwa chapa mashuhuri ya pauni 22. Cha pili ndicho kilichokuwa cha pauni 14. Mwenzangu alikitambua kikombe cha kwao mara moja, lakini hizo nyingine mbili alizipa alama sawa, 12 kwa 12. Ushahidi ulikuwa umetolewa. Ramu ya duka si kinywaji cha kukitafakari. Ni ramu ya kutia katika keki, au ya kuchanganya na soda na maji ya ndimu. Hata hivyo ilisimama bega kwa bega na jirani yake mwenye jina kubwa, na pauni nane zilizowatenganisha hatukuziona ulimini.

Laiti mambo yangeishia hapo, ningekuwa na kisa cha kuwasimulia walimu wenzangu katika chumba cha mapumziko, basi. Lakini binti yule alikuwa bado ameshika karatasi ya alama. Akauliza, "Mwalimu, kama katika kikombe kimoja ningekuwa nimetia methanoli, ninyi wawili mngeigundua?"

Tukatazamana. Akaendelea bila kuinua sauti: "Nyumbani mwaka jana watu walikufa. Sijasikia aliyelalamikia ladha."

Jibu la kweli ni kwamba tusingeigundua. Methanoli haina rangi, na kwa harufu na ladha imekaribiana mno na ethanoli, ile alkoholi ya kawaida. Ikiingia mwilini hugeuzwa kuwa asidi ya fomiki, ambayo hushambulia neva za macho. Ndiyo sababu waathiriwa hupofuka kabla ya kufa. Pombe iliyokenekwa kwa njia ya kawaida huwa na kiasi kidogo tu cha methanoli. Aghalabu kinachoua ni methanoli ya viwandani iliyoongezwa na mtu anayetaka faida ya haraka. Ulimi uliotofautisha ndizi mbivu na sukari iliyoungua ungepitisha sumu hiyo bila kipingamizi. Ulimi huonja, haulindi.

Basi ni nini kilichotulinda usiku ule? Kwa nini watu wawili waliosoma walimeza kitu cha bei ya chini kabisa rafuni bila wasiwasi hata kidogo? Tulikuwa tumeziweka roho zetu chini ya dhamana ya neno moja lenye herufi tatu, lililochapishwa kwenye lebo: rum.

Neno hilo halitumiwi ovyo huko. Katika sheria za Ulaya, na za Uingereza vilevile, kitu hakiitwi ramu ila kimetokana na muwa, ama maji yake ama molasi, ule uji mweusi unaosalia baada ya sukari kutolewa. Sharti kikenekwe chini ya asilimia 96, ili kisipoteze tabia ya asili yake. Sharti kiwe na nguvu isiyopungua asilimia 37.5 ya alkoholi. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2019 imekwenda mbali zaidi ikaweka hata kikomo cha utamu: gramu 20 za sukari kwa lita. Kinywaji kilichopungukiwa na nguvu hiyo, hata kikichorwa merikebu kumi, hakiwezi kuuzwa kwa jina la ramu.

Chupa yangu ilikuwa na asilimia 37.5 barabara, nukta kwa nukta. Hiyo ni tabia ya bidhaa ya duka: husimama mlangoni mwa sheria, haipigi hatua moja zaidi, wala hairudi nyuma hatua moja. Kwenye lebo palikuwa na jina na anwani ya duka, nchi ilikotiwa chupani, na nambari ya fungu ambayo kwayo chupa zote za siku moja zingeweza kusakwa na kurudishwa. Hakuna hata moja kati ya hayo lililokuwa pambo. Palipo na jina na anwani pana mtu wa kushtakiwa.

Wala tusidhani kwamba neno hilo lilizaliwa na heshima. Katikati ya karne ya 17 huko Barbados, kinywaji cha molasi kiliitwa rumbullion, neno ambalo wataalamu wengi hulihusisha na lahaja ya Devon, kusini-magharibi mwa Uingereza, kwa maana ya ghasia. Kiliitwa pia kill-devil, yaani kiua-shetani, na Wafaransa wa visiwa vya jirani wakalimeza jina hilo kwa matamshi yao wakapata guildive. Hayo yalikuwa majina ya hofu na mzaha, majina ya kitu ambacho mnywaji hakujua kimefanywaje. Ilichukua vizazi vingi vya sheria kuligeuza jina la ghasia likawa ahadi. Mwenzangu aliongeza jambo moja ambalo lebo hazilisemi. Baharia huchorwa kwenye chupa kwa kuwa jeshi la majini la Uingereza liligawia wanamaji ramu hadi 31 Julai 1970, lakini mtumwa aliyeukata muwa hajachorwa. Nililiandika hilo daftarini, kwani lebo hudanganya pia kwa kunyamaza.

Huenda msomaji akasema kwamba dhamana hiyo ni ya matajiri, na sisi hatuwezi kuilipia. Tupige hesabu. Tangu Februari 2025 ushuru wa vileo vikali Uingereza ulikuwa pauni 32.79 kwa kila lita ya alkoholi safi. Chupa ya mililita 700 yenye asilimia 37.5 ina lita 0.2625 za alkoholi. Ushuru wake basi ni pauni 8.61. Ongeza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 20, ambayo katika bei ya pauni 14 ni pauni 2.33. Serikali imekwisha kuchukua pauni 10.94. Zinasalia pauni 3.06 za kulipia ramu yenyewe, kioo, kizibo, lebo, safari ya bahari na faida ya duka.

Sasa tazama chupa ya Barbados ya pauni 28 yenye asilimia 40. Ushuru wake ni pauni 9.18 na kodi ni pauni 4.67, kwa hiyo zinasalia pauni 14.15. Bei imezidi maradufu, lakini fedha zinazobaki kwa kinywaji na wanaokishughulikia zimezidi zaidi ya mara nne. Hapo ndipo miaka ya pipa inapolipiwa, na ndiyo sababu kikombe cha kwanza kilipata alama 24. Ajuaye hesabu hii huacha kushangaa kwa nini ramu ya duka ni dufu katikati. Lakini ajabu iliyo kubwa ni nyingine. Katika pauni tatu na senti chache hizo, bado mlikuwa na nafasi ya ukweli. Uaminifu wa lebo haukuhitaji pipa la mwaloni. Ulihitaji sheria, na mtu wa kuisimamia.

Sitaki nieleweke vibaya kwamba Waingereza wamefumbua fumbo la pombe. La hasha! Unafuu wenyewe ni balaa ya aina yake. Uskoti, ambayo ni sehemu ya taifa hilo hilo, iliweka bei ya chini kabisa ya pombe mwaka 2018, na tarehe 30 Septemba 2024 ikaipandisha hadi senti 65 kwa kila kipimo kimoja cha alkoholi. Chupa niliyoinunua Leeds ina vipimo 26.25. Edinburgh isingeweza kuuzwa chini ya pauni 17.06. Kinywaji salama kisheria kinaweza kuangamiza ini na nyumba ya mtu polepole. Nisemalo ni kwamba vita dhidi ya kifo cha polepole hupiganwa kwa bei, umri na mafunzo, ilhali vita dhidi ya kifo cha usiku mmoja hupiganwa kwanza kwa neno la kweli.

Turudi nyumbani. Mnamo Novemba 2000 zaidi ya watu 100 walikufa katika mitaa ya mabanda ya Nairobi kwa pombe iliyotiwa methanoli. Kinywaji cha aina hiyo kilijulikana kwa jina la kumi kumi, kwa kuwa kipimo chake kiliuzwa shilingi 10. Mwanaisimu hawezi kulipita jina hilo bila kusimama. Ni jina la bei. Si jina la kitu. Halimwambii mnywaji kama alichopewa kilitokana na mtama, muwa au pipa la kiwandani. Linamwambia tu kwamba anaweza kukimudu. Kill-devil ya Barbados na kumi kumi ya Nairobi ni majina ya ukoo mmoja, ila la kwanza lilikomaa likawa sheria na la pili likabaki vichochoroni.

Bunge letu lilikwisha kulitambua tatizo hili. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010 iliiondoa marufuku ya chang'aa, mradi itengenezwe kwa leseni, itiwe chupani na kubeba maonyo. Fikra ilikuwa njema: kukipa kinywaji cha maskini jina, kipimo na mwenyewe. Utekelezaji ukachechemea. Mei 2014 makumi ya watu wakafa katika kaunti kadhaa kwa siku chache. Februari 2024 zaidi ya watu 10 wakafa huko Kirinyaga, na kwa mujibu wa taarifa za wakati huo kinywaji kile kilikuwa kizibiti kilichotoroshwa kutoka kituo cha polisi. Yaani kilikuwa kimekwisha kukamatwa, kisha kikarudi sokoni bila jina.

Tuna pia mfano wa upande wa pili. Mwaka 2004 bia ya Senator Keg ilianzishwa kwa nafuu ya ushuru ili mnywaji wa kipato cha chini apate kitu cha bei yake chenye mtengenezaji anayejulikana. Mwaka 2013 nafuu hiyo ilipopunguzwa, bei ilipanda na mauzo yakaporomoka vibaya. Sidai kwamba hilo ndilo lililozaa vifo vya 2014. Sina ushahidi wa kufunga kamba hizo mbili. Nadai tu kwamba mtu mwenye shilingi chache hatoweki bei inapopanda. Huondoka penye jina akaenda pasipo na jina.

Kwa mantiki hiyo, naitazama sera ya 2025 kwa macho mawili. Naafikiana nayo kwamba chupa haifai kupangwa karibu na maziwa ya watoto, na kuhusu umri wa miaka 21 nitawasikiliza madaktari kabla ya kusema. Lakini supamaketi, kwa makosa yake yote, ni mahali penye taa, risiti na meneja. Kati ya mahali pote ambapo Mkenya hununua kileo, hapo ndipo neno juu ya chupa lina uwezekano mkubwa wa kuwa kweli. Kuanza kufunga hapo huku vichochoro vikiendelea ni kumfukuza shahidi na kumwacha mshtakiwa. Kama pombe itaondolewa supamaketini, na ipelekwe kwenye maduka maalumu yenye masharti makali zaidi ya lebo. Isipelekwe gizani.

Na hapa ndipo kazi yetu sisi watu wa lugha inapoanza. Niliporudi nilisimama mbele ya rafu ya vileo katika supamaketi moja mjini nikasoma maonyo ya chupa moja baada ya nyingine. Yote yalikuwa kwa Kiingereza. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Kifungu cha 46 kinampa mlaji haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike na bidhaa. Habari iliyoandikwa kwa lugha ambayo mnunuzi anaitambua kwa macho tu ni habari iliyofungiwa kabatini. Hata Mamlaka ya Ushuru, ilipoanzisha programu njema ya simu ya kukagua stempu za ushuru, iliiita Soma Label. Mzigo ulikuwa umebakiza hatua moja ufike nyumbani: Soma Lebo. Katika jina hilo tendo tumeachiwa sisi, na kitu chenyewe kimebaki kwa wenye Kiingereza chao.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, majina ya vileo yafafanuliwe na sheria zetu kwa Kiswahili, ili ramu, spiriti ya muwa na chang'aa yawe maneno yenye mipaka. Molasi hukenekwa Muhoroni tangu miaka mingi. Hatuna sababu ya kushindwa kuyaeleza kwa lugha yetu yanayotendeka katika ardhi yetu. Pili, kila chupa iandikwe kwa Kiswahili chepesi imetokana na nini, nani kaitengeneza na yuko wapi. Tatu, maonyo yaseme jambo ambalo mtu anaweza kulitenda. "Chupa isiyo na jina la mtengenezaji yaweza kukupofusha" ni sentensi ambayo mzee wa kijiji na kijana wa bodaboda wataielewa bila mkalimani.

Kwa walimu nina ombi. Lebo ni matini fupi yenye ahadi, kinga, ukweli na udanganyifu, na bado haimo katika vifungu vyetu vya ufahamu. Si lazima mwalimu aingie darasani na chupa ya kileo, jambo ambalo mwalimu mkuu hatalivumilia. Pakiti ya unga yatosha. Waulizwe wanafunzi: hiki ni kitu gani, nani anasema hivyo, na tutampata wapi akisema uongo? Mwanafunzi aliyezoea maswali hayo matatu atayauliza siku atakapopewa kikombe gizani.

Usiku ule wa Leeds tuliiacha karatasi ya alama mezani. Asubuhi niliikuta imeongezwa safu ya nne kwa mwandiko wa yule binti, yenye kichwa "Dhamana." Vikombe vyote vitatu alikuwa amevipa alama sawa, 10 kwa 10. Hakuwa ameonja hata kimoja. Alikuwa amesoma.